Mparachichi wa Tatu

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameshaifunga kesi kabla polisi hawajafika.

"Mwizi wa ndizi huyo, afande," alimwambia Inspekta Nasieku, akiielekeza fimbo yake kwenye maiti iliyolazwa juu ya majani ya mgomba. "Kaingia kwa mjane wa watu wakati watu wako kanisani, katumbukia kwenye choo cha zamani. Mungu kamhukumu mwenyewe. Sisi tuzike tu."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa nane, juu kidogo ya Maji ya Chai. Ukungu wa Meru ulikuwa bado umelalia migomba, na kahawa nyekundu zilisubiri kuchumwa. Nasieku alikuwa na miaka kumi na sita katika upelelezi, na kama kulikuwa na kitu kilichomkera katika kazi hiyo, ni kesi inayokuja imeshafungwa. Alichuchumaa, akafunua shuka.

Kijana wa miaka thelathini na kitu. Raba nyeupe, suruali ya jinzi iliyopigwa pasi. Kitambulisho kilisema Brian, mkazi wa Kwa Mrombo. Mfukoni mlikuwa na simu iliyopasuka kioo na spika za masikioni. Kando yake wanakijiji walikuwa wameweka jembe walilolivua shimoni pamoja naye, jembe fupi la mpini mpya, karatasi ya bei ingali imebandikwa.

"Loishiye," aliita.

Sajini Loishiye alisogea na daftari lake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuandika kila kitu, hata salamu.

"Mwizi wa ndizi anakuja na nini?"

"Panga, afande. Na gunia. Akiwa mjanja, na mwenzake mwenye bodaboda."

"Huyu kaja na nini?"

"Jembe."

"Ndizi zinachimbwa?"

Loishiye akaandika.

Shimo lilikuwa kama hatua arobaini chini ya nyumba, mahali shamba linapoanza kuinamia bondeni. Lilikuwa choo cha kienyeji kilichoachwa siku nyingi. Kipande cha zege kilichokuwa kikilifunika kilikuwa kimeegemezwa kwenye shina la mparachichi, na alama ya kuburutwa kwake ilikuwa bado inaonekana kwenye udongo. Ukingoni palikuwa na vijiti vyembamba vilivyovunjikia ndani, na juu ya vijiti majani ya mgomba yaliyokatwa kwa kisu kikali, hayajaanza hata kusinyaa. Upepo haukati majani kwa kisu.

Kilichomsimamisha Nasieku, hata hivyo, kilikuwa upande wa pili wa shimo. Kwenye udongo laini palikuwa na vitundu vitatu vilivyokaa pembetatu, vimedidimia sana. Miguu ya kigoda. Na kukizunguka kigoda hicho kisichokuwapo, maganda ya maharage mabichi, mengi, ya debe zima au zaidi.

Mtu alikuwa ameketi hapa, tena kwa muda mrefu, akimenya maharage kando ya shimo.

Mwenye shamba alisimama mlangoni pa jiko, mikono ameifumbata ndani ya sweta la buluu. Aliitwa Aikande, mjane wa miaka sitini, mama wa kwaya ya Kilutheri, mwenye uso uliokauka kama gamba la mti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Uji upo."

"Asante, mama, nimeshakunywa. Jana ulirudi kanisani saa ngapi?"

"Saa saba hivi."

"Hukusikia mtu akiita?"

"Masikio ya uzee, mwanangu."

"Nani anaishi hapa nawe?"

"Niko peke yangu. Binti yangu Anjela tulimzika mwezi wa nne." Alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya jiko palikuwa na kaburi la vigae vyeupe, na toka hapo miparachichi ilishuka kwa mstari mpaka bondeni.

"Pole sana, mama. Una simu?"

Aikande akatoa kitochi kidogo kilichofungwa kwa mpira. "Hii tu. Ya kupigiana na wanakwaya."

"Maharage yako unamenyea wapi?"

Kwa mara ya kwanza mama yule alimtazama moja kwa moja. "Popote penye jua."

Nasieku alishukuru, akaondoka. Chini ya mparachichi ule hapakuwa na jua asubuhi, na kwa jinsi matawi yalivyofungamana, hapakuwa na jua hata mchana.

*

Siku ya pili, Jumanne, fundi wa kituo aliifungua simu ya marehemu, na daktari akaleta taarifa yake. Nyonga ilikuwa imevunjika, damu imevujia ndani. Kijana aliishi shimoni saa sita au saba. Alikufa Jumapili jioni.

"Saa sita," alisema Loishiye. "Na mtu alikuwa anamenya maharage."

Ndani ya simu hakukuwa na mengi. Kulikuwa na sauti moja iliyorekodiwa, iliyotumwa na mtu aliyehifadhiwa kwa jina la "Agnela Wangu", Jumatano iliyotangulia. Fundi aliibonyeza, na sauti ya mwanamke ikatoka kwa mnong'ono, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto.

"Dada yangu, mimi nakusikiliza kila siku. Hela yangu sipeleki benki, kwa sababu wanaume wa ukoo wana masikio kila mahali. Nimeuza ng'ombe wawili na kahawa ya misimu mitatu. Nimeifukia kwenye ndoo ya plastiki, mparachichi wa tatu kutoka zizini. Siku za Jumapili nyumba ni tupu, wote tuko ibadani, siku moja nikawahi kurudi, ndiyo nikapata nafasi ya kufukia. Nawaambia wanawake wenzangu, fukieni kidogokidogo."

"Agnela," alisema Loishiye. "Huyu ni yule wa Kibubu cha Mwanamke. Mke wangu akipika, anamsikiliza. Nyumba nzima tunamjua."

Nasieku naye alimjua. Nani asingemjua? Ukurasa wake wa mtandaoni ulikuwa na wafuasi elfu themanini. Wanawake walimtumia Agnela sauti zao, wakasimulia mambo ambayo hata mchungaji hawakumwambia. Mwanamke wa Kisongo alieleza jinsi alivyoficha hela ya mayai ndani ya begi la vitabu vya mtoto mpaka akanunua cherehani. Mwalimu alilia kwa sababu alimkopea kaka yake na kaka akahama mkoa. Bibi mmoja alisema alijua mshahara wa mumewe siku ya msiba wake. Wengine walisikiliza, wakajibu, wakafundishana. Agnela alibadilisha sauti zao zisitambulike, akakata majina na mahali, ndipo akazirusha. Kazi nzuri. Wanawake waliokuwa wakiona aibu peke yao waligundua kwamba walikuwa wengi.

"Sauti hii ilirushwa?" aliuliza Nasieku.

"Hapana, afande," alijibu fundi. "Nimepekua ukurasa wote."

"Basi marehemu aliipata mbichi, na mahali pake. Rudisha pale kwenye zizi."

Fundi akarudisha. Mparachichi wa tatu kutoka zizini.

Nasieku alilipitia tena lile shamba kichwani mwake. Jiko, nyumba, kaburi, miparachichi, shimo.

"Loishiye, pale kwa Mama Aikande uliona zizi?"

Sajini alifungua daftari. Alikuwa ameandika hata rangi ya bati. "Hakuna zizi, afande. Hakuna ng'ombe. Nilimuuliza mwenyekiti. Zizi lilibomolewa mwezi wa nne, wakaweka kaburi hapo hapo."

"Kwa hiyo tuna mambo mawili. Aliyerekodi hii ni mtu wa nyumba ile, aliyezoea kuliita pale zizini. Na la pili?"

Loishiye akafikiri, kalamu mdomoni. "Mgeni wa Kwa Mrombo hawezi kuhesabu miti kutoka kwenye zizi ambalo halipo."

"Lakini alihesabu, na akafika. Maana yake baada ya sauti hii kuna mtu aliuliza, na akajibiwa. Nataka hilo swali, na nataka kujua nani aliliuliza."

*

Agnela aliishi ghorofani, juu ya duka la vipodozi, hatua chache kutoka soko la Kwa Mrombo. Alikuwa amevaa nyeusi. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia kweli. Nasieku alilitambua hilo na hakumnyima. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimezibwa kwa magodoro ukutani, na juu ya meza palikuwa na kipaza sauti na picha ya Agnela akipokea cheti kwenye kongamano la wanawake.

"Tulikuwa tufunge ndoa Desemba," alisema. "Brian ndiye aliyekuwa fundi wangu wa sauti. Mimi napokea, namtumia yeye, anasafisha, anakata majina. Sasa kumbe alikuwa anasikiliza kwa masikio mengine. Nimelala na mwizi, dada yangu, na mimi sijui."

"Niite afande. Sauti ya mparachichi ulimtumia lini?"

"Jumatano. Kama nyingine zote."

"Nani aliileta?"

"Mtu asiye na jina. Wengi hawana majina. Huwa nafuta mazungumzo nikimaliza, kwa usalama wao." Alisogeza simu mezani kabla hajaombwa. "Kagueni. Sina cha kuficha."

Loishiye aliichukua. Mazungumzo yalikuwa yamefutwa yote, safi kama sahani ya mgeni. Nasieku aliendelea.

"Aliyetuma alipoeleza, wewe ulielewa zizi liko wapi?"

"Zizi gani?"

"Ulimuuliza kitu chochote?"

"Hapana. Nilimjibu asante, basi."

"Brian aliwezaje kuzungumza naye?"

"Simu yangu aliijua namba ya siri. Alikuwa mume wangu mtarajiwa." Agnela alijifuta pua. "Afande, marehemu hajibu. Mimi nitajibia vipi dhambi zake?"

"Kuna wanawake wengine waliwahi kuibiwa baada ya kukuletea sauti?"

"Sijawahi kusikia."

Loishiye alikohoa. Alikuwa ameingia mahali ambapo watu wachache hukumbuka kufagia. "Afande, hapa kuna namba kumi na moja zimeblokiwa."

"Matusi," alisema Agnela haraka. "Mtandaoni watu wanatukana. Wanaume hasa."

"Tutawapigia," alisema Nasieku.

Waliwapigia mbele yake, mmoja mmoja, simu ya kituo ikiwa imewekwa sauti ya juu mezani. Wa kwanza alikuwa muuza mitumba. "Kibubu cha Mwanamke? Msinitajie huyo! Nilimwambia yeye peke yake kwamba hela iko ndani ya spika mbovu. Siku nane, spika imepasuliwa. Nikamwandikia, akaniblokia." Wa pili alikuwa mwanaume, na kweli alitukana. Wa tatu alikuwa mwanamke wa Kisongo, yule wa mayai. Cherehani aliinunua, alisema, lakini alichoweka baadaye kwa ajili ya ada kilichukuliwa na pipa lake zima la mahindi. Kila simu iliyopokelewa Agnela alirudi nyuma kidogo kwenye kiti. Kufikia ya kumi, wanawake saba walikuwa wamesema jambo lile lile, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Ya kumi na moja iliita mpaka ikakatika. Loishiye alipiga kituoni, akaomba jina la aliyeisajili. Akaandika, kisha akamgeuzia Nasieku daftari. *Anjela. Maji ya Chai.*

"Ulijua," Nasieku alimwambia Agnela. "Tangu yule wa kwanza."

Agnela alikuwa ameacha kulia. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ile ile tamu ambayo watu elfu themanini waliijua.

"Niliambiwa, afande. Kuambiwa si kujua. Nilimuuliza Brian, akaapa, nikamwamini. Kumwamini mwanaume ni kosa la sheria gani? Mngeshafunga wanawake wote wa mji huu." Alisimama, akafungua mlango. "Kama kuna kitu kingine, nitakuja na wakili."

Garini Loishiye aligonga usukani kwa kiganja. "Mke wangu atakaposikia!"

"Usimwambie bado. Mwache sajini mwenzako akae hapa nje. Hapana, kaa wewe. Asitoke mjini. Kesho nitakwenda Maji ya Chai peke yangu."

"Una ushahidi wa kumkamata mama wa watu, afande?"

"Nina maganda ya maharage."

*

Jumatano, Aikande alikuwa ameketi barazani anachagua kahawa. Alimwona Nasieku akipanda kinjia, hakushangaa. Alitoa kigoda cha pili. Kilikuwa cha miguu mitatu. Nasieku alikitazama, akaketi.

"Mama, kabla hujasema lolote, nikuonye. Si lazima useme. Ukisema, nitaandika, na kitasomwa mahakamani."

"Wewe sema kwanza."

Nasieku alimweleza kile alichokuwa nacho, bila kupamba. Vijiti na majani yaliyokatwa. Kigoda. Zizi lisilokuwapo. Simu ya Anjela, iliyolalamika na kublokiwa. Aikande aliendelea kuchagua, nzuri kushoto, mbovu kulia.

"Anjela alikuwa na moyo," alisema hatimaye. "Moyo mbovu tangu utotoni. Kitandani hana kazi, anasikiliza hao wanawake wa kwenye simu. Anacheka, analia nao. Akaniambia, mama, na wewe umeweka miaka minne kwa ajili yangu, wasimulie, kuna mama mwingine atapata nguvu. Mimi naona haya. Akanishikia simu mwenyewe, hapa hapa. Dada yule akajibu vizuri sana. Akauliza, mama shujaa, unaweka wapi? Anjela akasema mwambie tu, hawarushi mahali. Nikamwambia. Ndani ya mtungi wa pombe ya mbege, darini."

"Ikapita muda gani?"

"Siku tisa, nikakuta mtungi mtupu. Tulikuwa na tarehe ya upasuaji, mwezi wa tatu. Tarehe ikapita. Ndugu wakachanga, haikufika. Mwezi wa nne..." Alitupa punje kulia. "Alikufa akisema ni kosa langu, mama, mimi ndiye niliyekushikia simu. Mtoto wangu alikufa ananiomba msamaha."

Nasieku aliiokota punje iliyoviringika hadi mguuni pake.

"Kwa hiyo nilinunua laini nyingine," alisema Aikande. "Nikanong'ona asinitambue. Kipande kile cha zege nilikiburuta siku mbili peke yangu. Na nikuambie ukweli, mwanangu, sikumchimbia huyo kijana. Sikujua kama yupo. Nilimtaka yeye. Yule dada. Niliona atakuja mwenyewe na viatu vyake vya kisigino."

"Jumapili ulirudi saa saba."

"Sikwenda kanisani. Nilikuwa jikoni. Nikasikia kishindo. Nikachukua kigoda na maharage, nikaenda. Nasikia sauti ya mwanaume. 'Mama, nisaidie, nimevunjika.' Nikamuuliza, hela ya Anjela iko wapi? Anasema Anjela yupi. Hakumjua hata jina, wala hakukumbuka kwamba aliwahi kupanda dari yetu! Nikamwambia basi nitakaa mpaka umkumbuke." Mikono yake ilisimama kwa mara ya kwanza. "Akasema ni Agnela anayepokea, Agnela anayeuliza, yeye anatumwa tu. Akaapa kwa mama yake. Nikaendelea kumenya. Jua lilipoelekea kuzama akanyamaza."

"Ungeweza kumwita mwenyekiti."

"Ningeweza."

Nasieku alikuwa amesikiliza maungamo mengi, mengine ya machozi, mengine ya kujitetea. Haya hayakuwa na machozi wala utetezi. Alifunga kofia ya kalamu, hakuwa ameandika neno.

Aikande aliona. "Huandiki?"

"Nitaandika ukiniambia niandike. Ukikana kesho, sina shahidi. Choo cha zamani, mwizi, mjane. Wakili yeyote atakutoa."

"Na yeye?"

"Agnela? Kila kitu kamtwika marehemu. Anasema hakukuuliza lolote, ni Brian alishika simu yake. Nina wanawake saba wanaosema waliibiwa. Hakuna aliyemwona mwizi. Leo jioni atarusha sauti nyingine kama kawaida."

"Alisema hakuniuliza?"

"Ndivyo alivyosema."

Aikande aliinuka, akaingia ndani. Nasieku alimsikia akivuta sanduku. Alirudi na simu kubwa ya kioo, imeviringwa kwenye kitambaa cha kichwa cha msichana.

"Yeye alifuta. Alifuta kwake na kwangu, nikaona maandishi yanatoweka hivi hivi. Lakini Anjela alinifundisha, sauti nzuri ikiingia, jitumie mwenyewe haraka, usiipoteze." Alibonyeza kwa kidole kilichokakamaa.

Ilikuwa sauti ya Agnela, hakuna aliyehitaji kuambiwa. *"Mama angu mpendwa, simulizi lako limenitoa machozi. Ila sijaelewa kidogo, zizi liko upande gani? Nikiwa barabarani naliona?"*

Kisha mnong'ono wa Aikande: *"Zizi tulilibomoa. Kinjia cha juu ya Maji ya Chai kinaishia kwetu. Anzia kwenye kaburi la vigae vyeupe, nyuma ya jiko. Hesabu kushuka."*

*"Jamani, pole. Kaburi la nani?"*

*"La mwanangu."*

*"Mungu amlaze pema, mama. Na Jumapili mnarudi kanisani saa ngapi?"*

Simu ikanyamaza. Huko bondeni mtu alikuwa anapasua kuni.

Nasieku aliona jambo zima lilivyosimama, na aliona kwamba Aikande naye analiona. Sauti ile ilitosha. Hakuna mtangazaji anayehitaji kujua watu wanarudi saa ngapi. Lakini sauti ile haikuweza kwenda mahakamani peke yake. Ingekwenda na aliyejibu, na aliyejibu ndiye aliyeondoa zege.

"Mama," alisema, "ukinipa hiyo simu, unajipa na wewe. Si kosa la miaka miwili hilo. Ulikaa pale saa sita. Ifikirie. Nenda kamwone mchungaji, mwone wakili, mimi nitarudi kesho."

"Nikinyamaza, nabaki hapa na kahawa yangu."

"Inawezekana."

"Na yeye anabaki kule na kipaza sauti chake."

"Inawezekana pia."

Aikande alikusanya kahawa nzuri ndani ya ungo, akaufunika, akauweka juu ya rafu mahali kuku wasipofika. Alimwita jirani yake ng'ambo ya uzio, Maria, akamwomba aje achukue mbuzi. Alipomaliza alirudi kuketi, akavuta sketi ikafunika magoti.

"Utaandika jina lipi, la ubatizo au la ukoo?" aliuliza.

"Yote mawili."

"Basi andika. Anzia mwezi wa pili. Usiruke kitu."

Nasieku aliandika kurasa saba. Aikande alisomewa kila ukurasa, akasahihisha mahali pawili. Mahali ambapo Nasieku aliandika *alimsikia marehemu akiomba msaada*, alitaka iongezwe *na aliweza kumsaidia*. Alitia saini pole pole, kwa mwandiko wa shule ya zamani, herufi zimeinama zote upande mmoja.

Ndipo Nasieku alipompigia Loishiye. "Panda juu. Mkamate. Kula njama na kusaidia wizi, mengine yatafuata. Sauti yake tunayo." Akamrudia lile swali la kanisani.

"Mwanangu," alisema Aikande, "iweke nisikie."

Haikuwa kwenye taratibu. Nasieku aliibonyeza simu iwe sauti ya juu, akailaza kwenye kigoda katikati yao.

Walisikia hatua nzito za Loishiye kwenye ngazi. Mlango ukagongwa. Kulikuwa na muziki laini wa kuanzia kipindi, na sauti tamu ikisema, "Wapendwa wangu, leo tuna mama mmoja..." kisha muziki ukakatika. Loishiye alitaja jina lake, cheo chake na kosa, kwa utulivu kama anayesoma tangazo la kanisani.

"Ushahidi gani?" alisema Agnela. "Nimeshasema, Brian..."

"Uliuliza kanisani wanarudi saa ngapi," alisema Loishiye.

Halafu ikasikika sauti ambayo haikuwa imesafishwa na fundi yeyote, sauti ya mtu anayelia mdomo wazi, anaomba, anamtaja mama yake, anamwambia sajini kwamba atarudisha, atarudisha zote, ampe wiki moja tu. Kiti kilianguka. Pingu zilifunga.

Aikande alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kwenye simu, mikono imelala mapajani, kama alivyoketi pale chini Jumapili nzima. Hakutabasamu.

Nasieku alinyoosha mkono aizime.

"Usikate bado," alisema Aikande.